Namna Nilivyomjazia Winfrida Darasa

Ijumaa, 5 Septemba

Winfrida kanipa daftari hili. Kasema, mama, andika kila siku hata mistari mitatu, mwandiko wako utanyooka. Mimi niliishia darasa la nne. Nikamwambia sina la kuandika. Leo ninalo.

Darasa lake limeanza leo saa kumi jioni, Rusimbi, kwenye chumba cha Mzee Hamdani. Waliohudhuria: Mzee Hamdani, kwa sababu chumba ni chake. Mimi, kwa sababu mtoto ni wangu. Na kijana mmoja aliyekuwa anachajisha simu duka la jirani. Simu ilipofika nusu akaondoka.

Winfrida akafundisha vilevile, kama vile watu wamejaa mpaka dirishani. Alimaliza chuo Dodoma mwaka jana. Kazi hajapata. Amerudi na sanduku la vitabu na kijitabu alichokiandika mwenyewe, kurasa arobaini, Kiswahili chepesi, cha kuwafundisha vijana Umaksi. Amekitoa fotokopi.

Nilimuuliza mapema, Umaksi ni dhehebu? Maana sisi ni Wakatoliki na padri ananijua. Akasema hapana mama, ni elimu ya kujua nani anafanya kazi na nani anakula. Nikamwambia hiyo hata mimi ninayo: anayefanya kazi ni mimi na anayekula ni baba yako. Elikana alikuwa anakula wakati huo. Akaomba aongezwe.

Sasa shida. Mzee Hamdani ni mstaafu wa reli, mambo haya anayapenda tangu ujana wake, anasema shuleni kwao walichorewa mnyonyaji ukutani, kupe mwenye tumbo kubwa na kofia. Lakini yupo mtu anakitaka chumba aweke banda la kuonyeshea mpira. Kwa hiyo Mzee amempa Winfrida mpaka Jumamosi tarehe 20. Siku hiyo wakikaa vijana kumi na tano kwenye mabenchi, chumba ni chake. Wasipofika, mpira.

Winfrida akasema wasipofika atapanda treni aende Dar es Salaam kwa mjomba wake, akauze simu. Alisema kwa sauti ndogo, akifunga vitabu.

Kaka zake wawili nao walikwenda Dar "kwa muda". Huu ni mwaka wa saba.

Haendi. Darasa nitalijaza mimi.

Jumapili, 7 Septemba

Mungu ananisaidia. Mwezi umejaa. Mwezi ukiwaka hivi dagaa hawafuati taa, mitumbwi haiingii ziwani, na vijana wote wa Kibirizi wamekaa ufukweni wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Wiki nzima hawana la kufanya. Na mimi vichanja vyangu vya kuanikia havina hata dagaa mmoja.

Baada ya misa niliwaeleza akina mama wenzangu kwamba Winfrida anafundisha vijana namna ya kujibu maswali ya usaili wa kazi. Sikusema kazi gani. Sikusema uongo. Nilisema tu kwamba aliyesoma kijitabu chake hatashindwa swali.

Siwema alikuwa anapita njia na ndoo kichwani, akasimama kusikiliza. Huyu ndiye jirani yangu pale ufukweni, vichanja vyake vimepakana na vyangu. Mwanawe Nasri ana darasa la kompyuta hapo hapo Rusimbi, na Siwema anatutangazia kila siku lilivyojaa. Akaniuliza, jirani, mwanao anafundisha usaili, yeye mwenyewe alishaitwa kwenye upi?

Nikamwambia Shetani ashindwe. Kimoyomoyo.

Jumatatu, 8 Septemba

Walikuja vijana kumi na mmoja! Wamechomekea mashati. Vyeti kwenye mifuko ya nailoni. Wawili wamenyoa.

Winfrida akafurahi sana, maskini. Akawaeleza saa nzima kwamba mtu asiye na shamba wala mashine anabaki na kitu kimoja tu cha kuuza, nguvu zake, na anayezinunua huzinunua kwa bei ndogo kuliko kile zinachozalisha. Hapo kijana mmoja akanyoosha mkono. Akauliza fomu zinajazwa wapi.

Kilichofuata sitakiandika chote. Mmoja alisema amekuja kwa bodaboda kutoka Ilagala kwa ajili hiyo. Winfrida akanitazama. Mimi nikatazama picha ya treni ukutani kwa Mzee Hamdani. Ni picha nzuri.

Walitoka wote isipokuwa mmoja, anaitwa Bariki, mvuvi wa dagaa. Nilidhani amebaki kunitukana. Kumbe ana swali. Akasema kwenye mtumbwi wao wakishauza, mafuta hutolewa kwanza, halafu mtumbwi unapata fungu, injini inapata fungu, nyavu zinapata fungu, taa zinapata fungu, halafu ndipo watu. Na mafungu yote ya vitu anachukua mtu mmoja ambaye ziwani haingii, anaogopa maji. Bariki akauliza, dada, injini inakula nini mpaka ipewe fungu kunizidi?

Winfrida akavuta kiti. Waliongea mpaka Mzee Hamdani akaomba kufunga chumba akaswali magharibi.

Njiani akaniambia, mama, usinisaidie tena. Nikamwambia sawa.

Tunaye mmoja. Bado kumi na wanne.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemsaidia kidogo tu. Chakula si msaada, chakula ni ubinadamu.

Nilipika migebuka, samaki wa kwetu, kwa mawese na ugali wa muhogo, nikabeba sufuria mbili mpaka Rusimbi. Wakaja ishirini na sita. Darasa la kompyuta la Nasri lilibaki na Nasri. Siwema alikuja mwenyewe kuchungulia dirishani, nikampungia mwiko.

Kosa langu ni kupakua kabla ya somo. Wakala. Wakashukuru vizuri sana, vijana wenye adabu, wengine waliniita bibi. Wakanawa. Wakaondoka. Bariki akabaki, na msichana mmoja aliyelala.

Winfrida hakunigombeza. Bora angenigombeza. Aliosha sufuria, kisha akauliza treni siku hizi inaondoka siku zipi.

Elikana kaniuliza kama ukoko umebaki.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeamka na akili. Kwa nini nihangaike na watoto wa watu wakati ninao wangu?

Pale vichanjani nina wasichana watatu wanaonigeuzia dagaa. Mapacha wanaotoka Simbo, Kurwa na Dotto, na Angelina ambaye anaongea kidogo na kucheka sana. Kazi yao kuanika asubuhi, kugeuza, kufukuza kunguru, kuanua jioni. Malipo yao ni yale ya ufukweni kwetu tangu enzi za mama yangu: kila mmoja jioni sahani moja ya dagaa, akauze au akale. Sahani ninayo mimi. Ni ndogo, lakini ina maua.

Wiki hii ya mwezi hawana kazi. Nikawafuata nyumbani kwao. Nikawaambia kesho wote darasani kwa dada Winfrida, na kila mmoja aje na marafiki wanne. Kurwa akauliza wakiwa na shughuli nyingine je? Nikamjibu kwa upole: asiyekuja darasani, giza likirudi asije vichanjani kwangu.

Angelina akacheka. Dotto akauliza darasa linahusu nini. Nikasema mambo mazuri, haki za wanyonge.

Kisha nikamshauri Winfrida aachane na habari za viwanda vya Ulaya. Nani kaviona? Nikamwambia weka mfano wa dagaa. Kichanja, sahani, jua, hao wasichana wataelewa mara moja.  Akauliza kama nina uhakika. Nikasema mwanangu, mimi ndiye ninayewajua watu wangu.

Ijumaa, 12 Septemba

KUMI NA SITA. Niliwahesabu mara tatu kwa kupita nje ya dirisha.

Sikuingia, mabenchi yalijaa. Nilikaa mlangoni kuzuia mtu asitoke. Kwa hiyo somo sikulisikia vizuri, lakini nilisikia wanacheka, nikasikia neno dagaa mara nyingi, nikajisifu. Kisha Kurwa akauliza kitu na Winfrida akajibu, na chumba kizima kikasema aaah.

Walitoka jua linazama na bado wanabishana njiani. Angelina, ambaye sijawahi kumsikia akimaliza sentensi, alikuwa anamweleza Bariki jambo kwa vidole.

Winfrida kanikumbatia. Hakuuliza habari za treni. Usiku huu nalala kama mtoto.

Jumanne, 16 Septemba

Leo naandika kwa hasira.

Giza limerudi, mitumbwi imeingia ziwani, na asubuhi hii dagaa wameshushwa Kibirizi kama mchanga. Nimenunua ndoo kumi na nne, sijawahi. Saa moja wasichana wakafika. Wakanisalimu, mwakeye mama, mwakeye. Shikamoo, marahaba. Adabu yote. Nikawaonyesha ndoo. Hawakuinama.

Kurwa akatoa karatasi. Akaniomba niwasikilize. Kasema wameketi, wamepiga hesabu: ndoo moja wanayoianika inatoa sahani ngapi, na wao watatu wanapata ngapi. Kasema kichanja peke yake hakiwezi kukausha dagaa, na jua halina mwenyewe. Kwa hiyo wana maombi.

Nikamuuliza nani kawafundisha maneno hayo.

Kurwa akaikunja karatasi. Dotto ndiye akajibu, kwa upendo kabisa, kasema ni wewe mama, ulitulazimisha, na tunakushukuru, tulielewa.

Huko nyuma Siwema alikaa chini kwenye mchanga, ameshika mbavu kwa kicheko. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka forodhani, jirani, mwanao anafundisha vizuri kweli, leo nimekubali.

Hapo nikakosa akili. Nikawaambia waondoke. Na darasani wasionekane tena, wala wao wala marafiki wao. Wakaondoka, lakini waliniaga kwanza.

Nimeanika ndoo kumi na nne peke yangu. Nilipofika nyumbani nikamwambia Winfrida kwamba kanigeuzia watu. Kanijibu taratibu kwamba alinitaja kama mfano tu, tena kanitetea. Kawaambia mimi si bepari kamili. Mimi ni bepari uchwara.

Bepari ningevumilia. Lakini uchwara, mbele ya Angelina!

Jumatano, 17 Septemba

Elikana alikuja kunisaidia kugeuza. Aligeuza robo ya kichanja, akasema mgongo, akalala chini ya kichanja kwenye kivuli. Kunguru walimzoea.

Dagaa hawajakauka. Jua lilikuwa na kiwingu. Nimewaacha juu, nimewafunika kwa turubai.

Jioni nilipita Rusimbi, eti naenda kununua chumvi. Nikachungulia. Winfrida yupo mbele, kijitabu mkononi. Mabenchi matupu. Bariki. Mzee Hamdani anasinzia. Mtu wa banda la mpira yupo nje na utepe, anapima ukuta kwa ajili ya televisheni.

Nilisahau kwamba niliowafukuza vichanjani ndio hao hao wa mabenchi. Mimi nililifunga darasa la mwanangu kwa mdomo wangu, tena nikiwa na aproni ya magamba.

Nyumbani begi lake liko juu ya kitanda. Halijajaa. Ana blauzi mbili tu ndani na vitabu. Nimekaa karibu na begi hilo muda mrefu. Nilitoa blauzi moja, nikairudisha.

Alhamisi, 18 Septemba

Mchana, upande wa Kongo, milima ikapotea. Wingu jeusi, mvua ya kwanza, imewahi mwaka huu. Na vichanja vyote viwili vimejaa, karibu wakauke, na dagaa aliyenyeshewa hapo ni chakula cha kuku.

Nikamwita Siwema aniazime wasichana wake. Akasema wana kazi. Kweli walikuwa nayo, wanakimbia na mabeseni yake.

Nilipogeuka nikawaona watatu wangu. Wamesimama pembeni ya kichanja, mikono nyuma. Kumbe wingu wameliona tangu nyumbani. Hawakugusa kitu. Kurwa kanipa karatasi na kalamu.

Sasa mimi nina kanuni, mtu hasaini asichokisoma. Nilidanganywa mara moja kwenye kikoba. Kwa hiyo nikasimama nikasoma. Mimi nasoma kwa kidole. Upepo unavuta karatasi. Namba moja: sahani ya maua iondoke, lije bakuli la bluu. Radi. Namba mbili: saa sita mpaka saa nane watu wakae kivulini. Mawimbi yameanza kupiga mitumbwi. Dotto kaniomba nisome haraka kidogo, nikamwambia usinisumbue. Namba tatu: mvua ikiharibu dagaa, hasara isikatwe kwenye bakuli. Tone la kwanza likaangukia neno "hasara". Namba nne, kwa wino mwingine: chai.

Nikauliza chai ya maziwa au ya rangi. Kurwa na Dotto wakatazamana. Angelina, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akapaza sauti: "Mama, saini!"

Nikasema nina sharti moja na mimi. Jumamosi wote darasani, na marafiki. Kurwa akasema mama, tulikuwa tunakuja hata bila wewe, ila ulitukataza.

Nikasaini.

Sijawahi kuona watu wakianua namna ile. Mabeseni kumi na manne, dakika chache, na bado Dotto aliimba. Tumepoteza labda ndoo moja. Tulikaa wote wanne chini ya turubai, mvua inapiga, nikatazama mikono yao. Imechanika na magamba kama yangu. Sikuwa nimeiangalia.

Chai ilikuwa ya maziwa.

Jumamosi, 20 Septemba

Saa tisa na nusu niko Rusimbi. Saa kumi wamefika kumi na wawili. Nikaanza kusali. Saa kumi na robo kumi na tatu, na huyo wa kumi na tatu ni mtu wa banda la mpira, Mzee akasema hahesabiwi.

Halafu tukasikia kelele barabarani. Bariki, na nyuma yake wavuvi wenzake wa mtumbwi mzima, saba, macho mekundu kwa kutolala, mmoja bado na koti la mvua. Na nyuma yao wasichana wa vichanja vya juu, ambao siwajui, waliosikia kuna mama alisaini karatasi kwenye mvua. Walitaka kumwona. Nikanyoosha kilemba changu.

Waliokaa ishirini na wanne. Waliosimama sikuhesabu, machozi yalinizuia.

Winfrida alifungua kijitabu, akakifunga. Akawauliza wao waanze. Kijana mmoja wa kidato cha tatu akasema alidhani mambo haya ni ya wazee wa zamani na picha zao za kupe. Mzee Hamdani akasema kupe hajazeeka, mwanangu. Kisha Bariki akaeleza habari za mafungu ya injini, na wenzake wakamsahihisha, na wakaanza kuulizana kama wanaweza kununua nyavu zao pamoja. Sijui kama watanunua. Lakini nyuso zao zilikuwa kama za watu waliofunguliwa dirisha.

Mzee Hamdani kampa Winfrida ufunguo mbele ya wote. Mtu wa banda la mpira alipiga makofi, kisha akachukua kijitabu kimoja.

Nyumbani Winfrida katoa blauzi kwenye begi, kazitundika. Begi kaliweka juu ya kabati na kulifunika gazeti. Nilisimama mlangoni nikajifanya natafuta kiberiti.

Kaniuliza, mama, umejifunza nini katika haya yote? Nikamwambia mengi, mwanangu. Mengi sana.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimepata wazo.

Siwema ana wasichana watano. Kila mmoja wao analipwa kisahani cha kahawa. Nimekiona, sahani yangu ya maua ilikuwa karamu mbele yake. Hao wakisoma wiki moja tu kwa Winfrida, watamgomea siku dagaa wanaposhuka wengi, na siku hiyo ufukwe mzima mwenye dagaa wakavu nitakuwa mimi peke yangu. Wachuuzi wataniita kwa jina la ubatizo.

Na si kwa ubaya. Ni kwa faida ya wasichana wenyewe.

Leo asubuhi nikawaita wangu kando. Nikawaambia wawe wanawafuata wale watano kila jioni wakishaanua, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, wawasomee kijitabu mpaka waelewe. Wanaoishi mbali wawafuate mbali. Nikawaeleza kwamba kazi hiyo haina malipo, ni ya kujitolea, ni kwa ajili ya wanyonge wenzao, na mimi kama mlezi wao nitawasimamia.

Wote watatu wakaacha kugeuza dagaa.

Kurwa akaniomba kalamu. Nimempa, ndiyo maana leo naandika kwa penseli ya Elikana. Amekaa kivulini na wenzake, anaandika na kunitazama, anaandika tena. Nadhani anaorodhesha majina ya wale watano.

Ameshafika namba tisa.